Maswali 10 kwa Mzazi

Mzazi akiwa ndani ya arobaini huulizwa mengi: amekunywa uji? Amekandwa? Maziwa yanatoka? Moyo wake haulizwi, na akilia huambiwa ashukuru amepata mtoto mzima.

Hata madaktari walichelewa. Dodoso zao za kupima sonona ziliuliza kama mtu analala, anakula, anachoka. Niambieni, mzazi gani wa wiki 6 asiyechoka? Kwa vipimo hivyo mzima aliweza kuonekana mgonjwa, na mgonjwa akapotea miongoni mwa waliochoka.

Aliyelishughulikia jambo hili ni John Cox, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza. Miaka ya 1970 alifanya kazi Uganda, akawachunguza wajawazito na wazazi wa huko. Waganda walikuwa na jina kabisa la maradhi ya akili yanayompata mzazi, amakiro, wakisema huletwa na uzinzi wakati wa mimba. (Lawama haikosi pa kutua!)

Baadaye, huko Scotland, yeye na wenzake Jeni Holden na Ruth Sagovsky walitunga dodoso jipya, likachapishwa 1987 kwa jina la Edinburgh. Maswali 10 tu, kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Uchovu na hamu ya kula waliviacha. Usingizi waliuuliza kwa akili: je, ni huzuni inayokunyima usingizi? Swali la kwanza linahusu kucheka. La mwisho, kama mama amefikiria kujidhuru. Hilo likijibiwa ndiyo, jumla ya alama haisubiriwi, asaidiwe siku ile ile.

Alama 13 au zaidi haimaanishi kwamba mama tayari ni mgonjwa. Ni ishara kwamba akae na mtaalamu, aulizwe kwa kina, ndipo ijulikane ana nini.

Na kuuliza kulifuatiwa na tiba. Mwaka 1989 watatu hao walieleza jaribio la wauguzi wanaotembelea wazazi majumbani, waliofundishwa kusikiliza, wakaenda kila wiki kwa wiki 8. Kati ya kina mama 26 wenye sonona waliotembelewa hivyo, 18 walipona. Kati ya 24 waliopata huduma ya kawaida, walipona 9.