Mgeni na Jembe Lake

Asubuhi moja ya baridi katika mwaka wa 1909, Harry Edmonds, aliyekuwa mtumishi wa jumuiya ya vijana wa Kikristo mjini New York, alipishana na mwanafunzi wa Kichina katika ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia, akamwamkia kama mtu aliyelelewa vyema amwamkiavyo mpita njia. Na yule kijana, badala ya kuitikia na kwenda zake, akasimama akamshukuru, akamwambia kwamba amekwisha kaa katika mji ule majuma matatu na hapana hata mtu mmoja aliyepata kumsemeza.

Kwa watu wa pwani, ambao kumpita mtu kimya ni aibu ya kusimuliwa, habari hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Edmonds na mkewe walianza kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni kwao kila Jumapili, na karamu zile ndogo zikakua mwaka baada ya mwaka, hata ilipofika 1924, kwa mali ya John D. Rockefeller Mdogo, ikafunguliwa karibu na chuo hicho International House, jumba la kukaa wanafunzi wapatao mia tano, wageni na wenyeji pamoja.

Lakini salamu ni mlango tu. Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na ijapokuwa aghalabu methali hii husemwa kwa kumsimanga mgeni aliyezidisha siku, mimi naiona kuwa ni ya kumtukuza, kwani asiyepewa jembe hana shamba, naye asiye na shamba hathubutu kusema "kwetu". Taarikhi ya wanafunzi walio katika ghurba ni taarikhi ya jembe hilo: nani aliwapa, au walilichukuaje wenyewe.

Huko Ithaca, katika Chuo Kikuu cha Cornell, walilichukua wenyewe. Nyumba za udugu wa wanafunzi wa Kimarekani zilikuwa kwa desturi hazifunguliwi watu wa kila taifa na kila rangi. Basi katika 1904 wanafunzi wa kigeni waliunda chama chao, Cosmopolitan Club, kikashika kaulimbiu ya kwamba ubinadamu uko juu ya mataifa yote, na baadaye kikapata nyumba yake mwenyewe. Kila taifa lilikuwa na usiku wake wa kuandaa chakula, kuimba na kueleza habari za nchi yake, hata yule aliyekuja akiwa mgeni wa watu akawa yeye ndiye mwenyeji, na Mmarekani ndiye anayebisha hodi.

Katika nyumba ile aliingia kijana wa Kichina, Hu Shih. Alikuwa wa 55 miongoni mwa vijana 70 waliofaulu mtihani wa 1910, wakapelekwa Marekani kwa fedha za fidia iliyotozwa Uchina baada ya uasi wa Boxer, ambazo Marekani ilikubali kurudisha sehemu yake kwa ajili ya masomo. Alikuja kujifunza kilimo. Lakini siku alipoketishwa mbele ya matufaha na kutakiwa ayatambue kwa majina, wenzake wa Kimarekani, waliokua wakiyala na kuyachuma, walimaliza upesi, naye akabaki anapekua kitabu asione njia. Akaliacha jembe la kilimo kwa ajili ya falsafa, akashika kwa mikono miwili lile la methali: akawa rais wa chama, na mara nyingi akasimama mbele ya watu wa mji kuwaeleza habari za Uchina.

Alipokwisha pata shahada ya kwanza katika 1914, alianza masomo ya juu papo hapo, na mwaka uliofuata akahamia Columbia kusoma kwa mwanafalsafa John Dewey. Walakini sahibu zake wa Ithaca walibaki naye kwa barua. Mwezi wa Julai 1916, Wachina kadhaa waliokwenda kupiga makasia katika Ziwa Cayuga walishikwa na tufani, chombo nusura kipinduke, wakarowa wote. Mmoja wao, Ren Hongjun, akatunga shairi la tukio hilo kwa Kichina cha kale cha vitabuni, akampelekea Hu Shih. Huyu akamjibu kwamba maneno yale makuukuu yalikuwa ya bahari kuu, si ya ziwa walimorowa. Mei Guangdi, rafiki mwingine, akaingia kulitetea shairi, barua zikaenda na kurudi kwa ukali, hata Hu Shih akaweka nadhiri kwamba hatatunga tena ila kwa baihua, yaani lugha isemwayo na watu.

Mjadala ule wa marafiki aliugeuza kuwa makala, iliyotokea Januari 1917 katika jarida la Xin Qingnian huko Uchina, na humo ndimo yalimoanzia mageuzi ya maandishi ya Kichina, hata watoto wa shule wakaja kusoma kwa baihua. Mwandishi alikuwa bado mwanafunzi. Mtihani wake wa udaktari aliufanya mwezi wa Mei mwaka huohuo, na shahada yenyewe hakukabidhiwa rasmi mpaka 1927. Bali lile neno lililozaliwa na chombo kilichopatwa na tufani lilikuwa limekwisha fika Uchina, nalo linabishaniwa, kabla yeye mwenyewe hajateremka melini.