Treni ya Bububu, Binti wa Sultani na Nyumba Zilizogeuka Hoteli: Kumbe Zanzibar Imeanza Zamani Kupokea Wala Bata!

Wikiendi ndefu ikikaribia, mitandao inajaa picha zilezile. Mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba, dada kaegemea. Urojo wa Forodhani. Jua linazama, mtu kashika glasi juu ya paa la hoteli. Watu wanapanda boti asubuhi Dar, mchana wako Shangani wanatafuta angle.

Wengi wanadhani hii safari ya kula bata Mji Mkongwe ni kitu cha juzi, kimeletwa na Instagram. Siyo kweli. Watu wamekuwa wakija Zanzibar kutembea, kushangaa na kulala pazuri kwa zaidi ya miaka 100. Kilichobadilika ni nani anatembea na nani anatazamwa.

TRENI YA KUTAZAMIA WATU

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za Ulaya zikapata njia fupi ya kuja upande huu. Zanzibar ikawa kituo. Meli inatia nanga, inapakia maji na mizigo, abiria wana saa kadhaa za kupoteza. Wafanye nini?

Mwanzoni mwa karne ya 20 jibu likapatikana: treni. Mwaka 1905 reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ilianza kazi, ikitoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kama kilomita 11 hivi. Treni ilipenya kwenye mitaa myembamba ya mjini, milango ya watu ikiwa pembeni kabisa, kisha ikatoka kuelekea kaskazini, huko kwenye minazi na mashamba.

Wenyeji waliipanda kwenda na kurudi kwenye shughuli zao. Lakini kulikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya wageni wa meli. Safari hiyo ilitangazwa kwao ndani ya meli kabla hata hawajashuka, na walichoahidiwa ni kuona kisiwa na wenyeji wakiwa majumbani mwao. Yaani mama anayetwanga uani kwake alikuwa sehemu ya mandhari, kama mnazi tu. Na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1922 safari za abiria zikafikia mwisho, magari yakawa yameshachukua nafasi. Hapa kuna jambo la kuwashinda washkaji kijiweni: wengi wanasema jina Bububu limetokana na mlio wa treni. Haiwezekani. Jina hilo limo kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1886, treni haijafika. Na aliyeandika kitabu hicho ana stori yake.

BINTI ALIYEPENDA NG'AMBO YA PAA

Alikuwa binti wa sultani, kazaliwa kwenye jumba la Mtoni. Kisirisiri alijifunza mwenyewe kuandika, kitu ambacho mabinti wa ikulu hawakufundishwa. Alipokuwa kijana akaingizwa kwenye njama ya kaka yake mmoja ya kumpindua kaka mwingine. Njama ikafeli, yeye akatengwa na nusu ya ukoo.

Baadaye akahamia mjini, nyumba yake ikawa jirani na ya mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, paa linatazamana na paa. Mapenzi yakaanza, ikaja mimba. Mwaka 1866 akatoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa, akaolewa, akaenda zake Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki mjane na watoto ugenini.

Yule kaka aliyemuunga mkono kwenye njama ndiye aliyekuja kuwa sultani. Hakumsamehe. Kaka huyo huyo mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kuwa na taa za umeme na lifti watu wakabaki midomo wazi. Mjini akaleta maji ya bomba, ikulu akaleta wanamuziki wa Misri. Alikuwa mtu wa mambo makubwa, ila kwa dada yake moyo ulikuwa jiwe.

Leo waongozaji watalii wanaisimulia stori hii kila siku. Binti aliyefukuzwa amekuwa kivutio cha mji uliomfukuza.

MUUZA VYUNGU ALIYEFIKA BOMBAY

Taarabu unayopigiwa hotelini ukila pweza wa nazi ilianza kama muziki wa ikulu, ikiimbwa Kiarabu. Aliyeileta kwa watu kwa Kiswahili hakutoka ikulu. Alizaliwa Fumba, wazazi wake walikuwa watumwa. Alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza, na sauti yake ndiyo iliyomtangaza.

Akahamia mjini, akajifunza kuimba, akaishi Ng'ambo. Ng'ambo ni ng'ambo kweli: kulikuwa na mkono wa bahari unaotenganisha majumba ya mawe ya matajiri na vibanda vya udongo vya wafanyakazi. Alialikwa kuimba kwenye majumba hayo, kisha anarudi kwake na kuimba mambo ya mtaani: dhuluma, mahakama zinazopendelea, wanawake wanaoonewa. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Yaani wageni walikuwa wakija kumtazama Mswahili kwa dirisha la behewa, Mswahili huyu kasafiri mwenyewe akauza sauti yake.

NYUMBA ZIKABADILISHA WENYEWE

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaligeuza kila kitu. Matajiri wengi wakakimbia, wengine wakauawa. Nyumba zikataifishwa, zikakaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, nyingi zikitoka Ng'ambo na mashamba. Kwa mara ya kwanza wajukuu wa waliobeba mawe hayo wakalala ndani yake. Lakini nyumba ya matumbawe, chokaa na boriti inataka matunzo kila mwaka. Matengenezo hayakuwepo, mvua ikaingia, kuta zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine.

Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa tena, na mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuhifadhi mji. Mwishoni mwa miaka hiyo akatua Mmarekani mmoja, akaipenda nyumba kuukuu, akaifanya hoteli: vitanda vya samadari, mito sakafuni, chakula cha usiku juu ya paa. Wengine wakafuata. Klabu ya Waingereza ya enzi za ukoloni, ambako Mwafrika aliingia akiwa kabeba sinia, ikawa hoteli ya kutazamia jua likizama. Jengo la simu za nje kule Shangani nalo likawa hoteli. Mwaka 2000 UNESCO wakauweka mji kwenye urithi wa dunia. Mwaka 2015 Mambo Msiige, jumba la karne ya 19, likafunguliwa kama hoteli ya kifahari baada ya mabishano makali juu ya uhifadhi.

SASA HESABU IKO HAPA

Hoteli zimeokoa nyumba, hilo halina ubishi. Beit al-Ajaib, ambayo haikuwa hoteli, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Jengo halitunzwi kwa sifa. Linatunzwa kwa fedha.

Ila kila nyumba inapogeuka hoteli kuna familia imehama. Baraza waliyokalia wazee na kahawa yao inawekewa kiti cha mgeni. Na mji usio na watoto wanaocheza vichochoroni siyo mji tena, ni seti ya picha. Ni lile behewa la daraja la kwanza limerudi, safari hii halina magurudumu.

Habari njema ni kwamba siku hizi kwenye behewa tumo na sisi. Kijana wa Mbagala au Mwanza anaweza kulipia chumba mahali ambapo babu yake angeingilia mlango wa nyuma. Na Ngome Kongwe, ilipoanzia ile treni, tangu 2004 ndipo Sauti za Busara inapopigwa, mwenyeji na mgeni wakiruka pamoja.

Basi ukienda, piga picha zako, ni haki yako. Ila ule kwa mama ntilie wa Darajani pia, ununue mchoro kwa aliyeuchora, na ukimkuta mzee barazani umwamkie shikamoo kabla ya kumwelekezea kamera.

Haya wadau: nyumba ya zamani bora iwe hoteli isimame, au ikaliwe na wenyewe hata kama inavuja? Dondosheni maoni hapo chini.