Swali la Mpemba na Tatizo la Usafirishaji wa Joto, 1963–1969

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, aliweka maziwa ya moto yenye sukari kwenye jokofu bila kusubiri yapoe, kwa kuhofia kukosa nafasi. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha. Mwalimu alimweleza kwamba amechanganyikiwa. Makala haya yanadai kwamba kisa hicho ni sehemu ya historia ya tatizo pana la fizikia: wastani wa halijoto hautoshi kueleza jinsi joto linavyosafiri.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, Mpemba alimuuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri mgeni, kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alilichukua swali hadi Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Mlimani, eneo ambalo baadaye lilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Fundi wa maabara aliripoti kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Majaribio zaidi yalionesha kwamba myuko huweka maji ya moto juu. Hivyo kupotea kwa joto hutegemea zaidi halijoto ya uso kuliko wastani wa maji yote.

Mwaka 1969, matokeo hayo yalipochapishwa, watafiti wa Uingereza walipeleka leza Moscow kupima plazma ya mtambo wa T-3, kwa kuwa halijoto iliyotangazwa na Wasovieti ilitiliwa shaka. Vipimo viliwathibitisha Wasovieti: takriban nyuzi milioni 10. Hata hivyo, katika plazma inayozuiwa kwa uga sumaku, migongano ya chembe peke yake haielezi joto lote linalopotea. Tofauti ya halijoto kati ya kitovu na kingo huzusha misukosuko inayobeba joto nje, na ndiyo ambayo modeli za leo hujaribu kuikokotoa.

Ulinganisho huu una mipaka. Maji si plazma, na mwaka 2016 Burridge na Linden walipinga kuwapo kwa athari ya Mpemba yenyewe. Hata hivyo, walipinga kwa vipimo, si kwa kicheko. Nayo makala ya 1969 ilibeba majina mawili, la mwanafunzi likitangulia.