Kamera Kuukuu na Kicheko cha Babu

Nimekuwa kimya, nisameheni. Nilikuwa nyumbani Kiabakari, na safari hii nilibeba kamera yangu ya mtumba, Nikon D700. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaipimapima, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hii nzito kama jiwe la kusagia. Simu yako ina ubaya gani?"

Swali zuri. Nilicheka tu, sikumjibu siku ile. Najibu leo, na inabidi nirudi nyuma kidogo, maana hizi kamera zina historia yake, na historia hiyo imepita mlangoni kwetu.

Ukutani kwa bibi kuna picha moja ya babu. Ilipigwa studio, Musoma mjini, mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi hizo babu akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Kiabakari kabla haujafungwa. Amenuna, kama walivyonuna wazee wote wa picha za studio. Lakini yupo.

Sasa twendeni Marekani. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia mkanda. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, ikatoa picha nyeusi na nyeupe ya pikseli 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Kaseti, wandugu! Mwaka 1991 Kodak wakaingiza sokoni DCS: kamera ya Nikon F3 iliyounganishwa kwa waya na boksi la kuning'iniza begani. Megapikseli 1.3, bei dola 20,000 na zaidi. Gazeti gani la kwetu lingeigusa?

Mambo yalibadilika Juni 1999, Nikon walipotangaza D1. Megapikseli 2.7, bei zaidi ya dola 5,000. Bado ghali, lakini magazeti makubwa ya dunia yakaanza kuuaga mkanda.

Ukumbukeni mwaka huo. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alifariki London, na tarehe 23 akazikwa Butiama, jirani zetu kabisa. Yaani msiba mkubwa kuliko yote katika nchi yetu uliangukia mpakani, kati ya enzi mbili za picha. Wapiga picha wetu wengi bado walitumia mkanda: picha 36, unabadilisha, na hujui umepata nini mpaka usafishwe. Miaka 6 baadaye, mwaka 2005, Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, akaanzisha blogu yake, na Mtanzania aliyeko ughaibuni akawa anaona matukio ya Dar siku hiyohiyo.

Kasi ilitunogea, tukasahau kabati. Negativu ya 1999 iliyotunzwa pakavu unaiinua tu dirishani, sura unaziona. Harusi ya baba mdogo ilifanyika Kiabakari mwaka 2006, na mpiga picha alikuja na dijitali. Siku hiyo babu alicheza, akacheka mpaka akashika mbavu. Tukapewa CD moja. Babu alipofariki mwaka 2011, tukaitafuta ile CD tupate picha ya kuweka kwenye jeneza. Kompyuta iliizungusha, ikakoroma, haikusoma kitu. Mpiga picha naye alikuwa ameshafuta kadi zamani, kadi zilikuwa ghali na harusi nyingine ilikuwa inasubiri. Simlaumu, na sisi tungeweza kutoa nakala, hatukutoa. Basi babu tuliyebaki naye ni yule aliyenuna, wa kwenye mkanda.

Ndiyo maana nikienda kutafuta kamera kuukuu ya kitaalamu, megapikseli naziuliza mwisho. Naanza na betri na kadi. D1 ni ya kuweka kabatini kwa heshima. Betri zake zimezeeka kuliko subira yangu. Canon 5D ya mwaka 2005 ina megapikseli 12.8 na sensa (si ile ya kuhesabu watu!) yenye ukubwa wa fremu ya mkanda, na betri za mfano wake bado zinapatikana. D700 ya mwaka 2008 ina megapikseli 12.1, inaona vizuri gizani, na inakubali lensi nyingi za Nikon za tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mzee mstaafu wa gazeti akikupa lensi yake, usiikatae.

Kabla hujatoa pesa, fungua tundu la kadi umulike kwa tochi. Vipini vilivyopinda ni msiba. Muulize muuzaji shata imefyatuka mara ngapi. Ya D700 ilijaribiwa kwa mara 150,000. Kisha bana tundu la lensi hadi namba 16, piga anga tupu, ukuze picha. Madoa utakayoona ni vumbi la kwenye sensa. Raba ikiwa imebanduka, hilo ni la gundi tu, tumia kushusha bei.

Kwa matumizi, jua la Mara la saa sita halina huruma na sensa za zamani. Punguza mwanga kidogo, maana weupe ukishaungua haurudi. Piga kwa faili ghafi. Na usibadilishe lensi barabarani basi likipita, vumbi litakuja kuishi nawe.

Sasa nimjibu bibi. Simu haina ubaya, bibi. Ila ndani ya jiko lako, kwa mwanga wa moto tu, hili jiwe la kusagia lilikuona vizuri kuliko simu yangu ya bei nafuu. Tena nilipolishika ulinyamaza, ukaweka sawa kitenge, halafu ukacheka. Nimekupata ukicheka.

Picha hiyo iko kwenye diski mbili, moja kwangu na nyingine kwa baba mdogo, na nimeisafisha kwenye karatasi Musoma mjini. Sasa inaning'inia pembeni ya babu.

Na wewe msomaji, CD zako za 2006 ziko wapi? Zitoe leo uzijaribu, kabla hujazihitaji.

Tuko pamoja.