Kisanduku Kimoja, Majina ya Wengine

Mama amefunga flai kwa miaka kumi na minane na hajawahi kuvua samaki hata siku moja. Flai ni chambo bandia: ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi, unyoya wa jogoo na manyoya ya sungura hadi ifanane na mdudu wa mtoni. Wavuvi wa trauti Ulaya na Marekani huzinunua kwa dazeni, na nyingi hufungwa na wanawake hapa Kenya. Karo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni ilitoka kwenye dazeni hizo. Ya mwaka wa pili haikutosha, nikaacha masomo, nikamfuata Mama kazini.

Nilipewa kazi niliyodhani ni rahisi: kupanga. Kisanduku kina vyumba, kila chumba na flai yake, kila flai na namba yake. Shida ni kwamba namba za ndoana huenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 14. Wiki ya kwanza nilizichanganya, mzigo ukarudishwa, na aliyekatwa pesa ni Mama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe uliyesoma, hebu niambie, nani aliamua zipangwe hivi?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kulitafuta.

Mwaka 1496 kilichapishwa Uingereza kijitabu cha uvuvi wa ndoana ambacho kwa muda mrefu watu walisema kiliandikwa na mtawa aitwaye Juliana Berners. Kinataja flai 12, na zimepangwa kwa miezi, Machi hadi Agosti. Charles Cotton naye alifuata miezi mwaka 1676, alipoongeza sehemu yake kwenye kitabu cha Izaak Walton. Ni mpangilio wenye akili. Unaanza na mto wenyewe: mwezi huu, ni mdudu gani anaruka juu ya maji?

Lakini kupanga kwenye karatasi si sawa na kuhifadhi mfukoni. Siku hizo ndoana ya flai haikuwa na tundu. Ilifungwa moja kwa moja kwenye kipande cha uzi, kwa hiyo kila flai ilikuwa na mkia wake. Ukizitia hamsini kwenye sanduku, baada ya saa moja una kiota cha ndege. Ndiyo maana wavuvi walitumia pochi ya ngozi yenye kurasa kama kitabu, kila uzi umenyooshwa na kulazwa mahali pake. Pochi ikifungwa, flai zinabanwa, mabawa yanalala. Kwa flai za kuzama, hiyo haikuwa hasara kubwa.

Mambo yalibadilika kuelekea 1880. H. S. Hall na George Bankart walifanyia kazi ndoana yenye tundu, mvuvi akaweza kufunga uzi wake akiwa mtoni na kuufungua akimaliza. Mkia ukatoka. Kisha mwaka 1886 Frederic Halford akatoa kitabu chake kuhusu flai za kuelea. Flai ya kuelea hutegemea unyoya uliosimama wima; ukiubana kwenye pochi umeiua. Hapo kisanduku kikapata kazi. Kampuni ya Richard Wheatley, iliyoanzishwa mwaka 1860, ikajulikana kwa visanduku vya chuma vyenye vyumba vidogo, kila kimoja na mfuniko wake wa springi.

Sasa, ukishakuwa na vyumba, unataka majina. Na hapa ndipo swali la Mama lilipoanza kuniuma.

Chukua flai iitwayo Greenwell's Glory. Mwaka 1854 kasisi William Greenwell alivutiwa na mdudu aliyemwona kwenye Mto Tweed, akaenda kwa James Wright wa kijiji cha Sprouston amfungie mfano wake. Wright ndiye aliyeifunga. Kasisi ndiye aliyebaki kwenye jina. Kule Vermont, Marekani, Mary Orvis Marbury alisimamia wanawake waliofunga flai katika kampuni ya babake. Majina ya flai yalikuwa yamevurugika, kwa hiyo akakusanya barua za wavuvi kutoka majimbo mengi, na mwaka 1892 akatoa kitabu kikubwa cha majina na historia zake. Alifanya kazi ya maana. Ila walioulizwa ni wavuvi.

Hata samaki wenyewe huku kwetu wana jina la mtu mbele yao. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa Mto Gura huko Aberdare. Hilo limeandikwa. Waliobeba mizigo hiyo kupanda milima hawatajwi.

Basi nilirudi kwa Mama na jibu: kisanduku hupangwa kwa mwezi, kwa mdudu, kwa ukubwa, kwa kinachoelea na kinachozama. Kote huko, anayepanga ni yule anayevua. Anayefunga hana chumba.

Akacheka, akatoa mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na flai zilizokataliwa miaka yote hiyo, zimetengwa kwa vipande vya katoni. "Hizi ni za mama aliyenifunza," akasema. "Hizi, za rafiki yangu aliyerudi Nyeri macho yalipomchoka. Hizi ni zangu za mwanzo, ona kichwa kilivyo kikubwa, aibu tupu." Alizitambua moja moja kwa namna fundo la mwisho lilivyokazwa, kama unavyotambua mwandiko wa mtu.

Nilichukua kalamu nikaandika majina yao kwenye karatasi, kila jina juu ya chumba chake. Mama aliinama kunikagua.

"Andika na namba ya ndoana," akasema. "Usije ukachanganya tena."