Mtemi hakuwa mbabe

Ukisimama Maganzo, pale njia ya Mwadui inapochepuka kutoka barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, hukosi kumsikia dalali akimwambia mwenzake, "Acha utemi wako!" Maana yake acha ubabe, acha kuonea watu. Kwa maana hiyo hiyo neno limefika hadi Dar es Salaam, na vijana wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la cheo.

Kwa Kisukuma ni ntemi. Wakiwa wengi ni batemi. Butemi ni cheo chenyewe, na vilevile ni nchi anayoitawala. Yote yametoka katika kutema, yaani kukata, na ile -i ya mwisho humtaja mtenda, kama vile kusoma kunavyotupa msomi. Mkataji wa nini? Wako wasemao ni yule wa kwanza kufyeka pori na kuanzisha makazi. Wengine husema ni mkata mashauri. Mimi sioni haja ya kuchagua: aliyefyeka ndiye aliyegawa ardhi, na penye kugawa ardhi hapakosi ugomvi wa kuamuliwa. Hata katika Kiebrania, kitenzi gazar ni kukata na pia ni kutoa amri.

Lakini ntemi hakukata peke yake. Walikuwapo banang'oma, wazee wa ukoo wa kitawala, ambao walimchagua na kumshauri. Mvua ikigoma, waliweza kumwondoa. Ubabe gani huo wa kuogopa mawingu?

Nadhani neno liliharibikia mikononi mwa wakoloni. Mjerumani alimtumia mtemi kukusanya kodi. Mwingereza naye, kwa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, akamfanya mtu wa mshahara, mwenye makarani na matarishi. Tangu hapo wa kuogopwa hawakuwa tena banang'oma, bali Bwana Shauri kule bomani. Mkulima aliyedaiwa kodi alimwona tarishi wa mtemi mlangoni. Mfyeka pori hakumwona.

Sisemi wote walikuwa vibaraka. Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha, huku huku Shinyanga, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945 pamoja na Abdiel Shangali wa Machame, wakiwa Waafrika wa kwanza humo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu kwa sheria. Cheo kikaondoka, neno likabaki mitaani, na wababe wakaliokota.