Kijito cha Auji, Manyatta: maji yake hupimwaje?

Auji ni kijito kidogo tu. Hupita Manyatta na Nyalenda, mjini Kisumu, baina ya nyumba zilizobanana, vyoo vya shimo na visima vya kina kifupi, kisha hushuka hadi Ziwa Viktoria upande wa Dunga. Huko Dunga ndiko mji unakovuta sehemu ya maji yake ya bomba. Kwa hiyo kinachoingia Auji hakiwahusu wa ukingoni peke yao.

Kwetu Pwani, mtoto wa chuoni hufundishwa mapema kutazama rangi, ladha na harufu ya maji. Kwa kuanzia, kipimo hicho chafaa. Lakini vijidudu vya kipindupindu havina rangi wala harufu. Tena macho hudanganya: maji ya tope baada ya mvua hutisha, ilhali yale maangavu ya kiangazi huenda yana kinyesi kingi zaidi, kwani hakuna maji ya kukizimua.

Ndiyo maana mpimaji huanza na wingi wa maji. Chukua chungwa, lielee mita 10, uhesabu sekunde. Likitumia sekunde 20, mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa upana, tuseme mita 2, na kina cha sentimita 30. Kisha punguza kidogo, zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Utapata kama lita 255 kwa sekunde. Bila hesabu hii, matokeo ya maabara ni nusu ya habari.

Sampuli huchukuliwa siku moja mahali patatu: juu ya makazi, katikati, na chini karibu na ziwa. Anza chini ukipanda, usije ukatibua tope la unakokwenda. Mdomo wa chupa iliyotakaswa uelekee maji yanakotoka. Ya kupima vijidudu yawekwe kwenye barafu na yafike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka chanzo cha maji ya nyumbani kisiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Zilikataza pia kulima au kujenga karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande. Mita hizo, kwa anayezijua nyumba za ukingoni mwa Auji, zimebaki kwenye karatasi.

Oksijeni hupimwa palepale. Maji ya nyuzi 25 Mombasa hubeba takriban miligramu 8 kwa lita. Kisumu, iliyo juu zaidi ya mita 1,100, hubeba kama 7. Ikishuka chini ya 5 samaki hutaabika. Pima alfajiri, maana mchana mwani hutoa oksijeni na kijito kigonjwa huonekana kizima.

Halafu kuna wadudu. Kipimo cha Afrika Kusini kiitwacho miniSASS humpa kila mdudu alama: ruba na minyoo 2, kiluwiluwi cha kereng'ende 6, na mdudu wa mawe mwenye mikia miwili 17, kwa kuwa hastahimili uchafu. Wastani wa alama ndio hali ya mto. Watanzania nao wana kipimo chao, TARISS, kilichochapishwa 2015. Chombo ni wavu na sinia jeupe tu, hata wanafunzi wanaweza.

Ila hapa nina shaka moja. Vipimo hivyo hupenda mito ya mawe na maji ya kasi. Auji hupita tambarare yenye tope, na chini yake ni matete na mafunjo. Mdudu wa mawe hangekaa hapo hata kama maji yangekuwa safi. Basi usiulinganishe na kijito cha mlimani. Linganisha Auji ya juu na Auji ya chini, palipo na tope lilelile na mwendo uleule, kisha urudie baada ya mvua ya kwanza, wakati uchafu wa vichochoro unaposombwa wote kwa pamoja.